Barafu Yenye Vipele

Maneno niliyoyasema ukumbini Ujiji, Kigoma, mbele ya wanafunzi, walimu, wavuvi na wauza samaki. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Mashehe na mapadri, walimu, akina mama wa Kibirizi mlioacha mizani mkaja kunisikiliza, asanteni. Wanangu wanafunzi, nimewaona, kaeni.

Barua ya mwaliko ilisema nije nizungumzie barafu. Nadhani mlitegemea barafu ya samaki, maana ndiyo inayonilisha. Mimi ni fundi wa majokofu. Asubuhi nyingi mnanikuta pale mwaloni nikigombana na mashine, na wenye migebuka wananitazama kana kwamba jua nimelileta mimi. Lakini juzijuzi kijana mmoja wa kidato cha tatu alinionyesha video kwenye simu. Watu wazima, wamevaa vizuri, mmoja anasukuma jiwe juu ya barafu, wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakifagia kama watu waliosikia mkwe yuko njiani. Akaniuliza, "Mjomba, hawa wanafagia nini? Mbona hakuna taka?"

Nilicheka, halafu nikaona swali lake ni zuri kuliko mada niliyoandaa. Kwa hiyo samaki tutawaacha leo. Hapa chini ya meza nina vipande viwili vya barafu, nimevifunika kwa maranda na gunia. Msivitazame sana, mtaviyeyusha. Tutavihitaji mwishoni.

Kwanza mchezo wenyewe, haraka haraka. Wenyewe wanauita kalingi. Ulianza Scotland, na lipo jiwe lao la kale lililochorwa mwaka 1511, kwa hiyo si jambo la juzi. Scotland ndiko alikozaliwa Livingstone, yule mgeni aliyekutwa na Stanley hapa hapa Ujiji mwaka 1871. Msiende mkasema fundi kasema Livingstone alicheza. Nimesema yeye na jiwe wametoka nchi moja. Uwanja ni ujia wa barafu wenye urefu wa mita 45 na ushee, upana hauzidi mita 5. Huko mwisho pamechorwa duara ndani ya duara, panaitwa nyumba, kipenyo chake mita 3.66. Timu mbili za watu wanne wanne, kila timu mawe 8, wanapokezana. Yakiisha yote 16, aliye karibu zaidi na kitovu ndiye mwenye pointi. Kwenye Olimpiki mchezo huu umekuwa na medali mfululizo tangu Nagano, Japani, 1998. Upo pia mstari ambao jiwe lisipouvuka linaondolewa. Kwa Kiingereza mstari ule una jina la nguruwe, na kwa heshima ya ukumbi huu mimi nitauita mstari wa mpaka. Basi, sheria zimetosha.

Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa: michezo ya Wazungu hiyo. Mzee wangu, mwaka 2019 Nigeria walikwenda Stavanger, Norway, kwenye mashindano ya dunia ya wawili wawili, mwanamke na mwanamume, wakawafunga Ufaransa. Na Nigeria jua lao halitofautiani sana na la kwetu.

Sasa barafu. Nilipokwenda Saskatchewan, Kanada, kusomea ufundi wa baridi, nje kulikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na mfukoni kulikuwa baridi zaidi. Nikapata kibarua cha jioni kwenye klabu moja ya kalingi, kumsaidia mzee aliyekuwa akitengeneza barafu. Siku ya kwanza akanionyesha ujia uliomaliza kuganda. Unang'aa kama kioo cha kabati jipya. Nikamwambia, hapa jiwe litateleza mpaka Kongo. Mzee hakunijibu. Akaleta jiwe, akasema sukuma. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Jiwe likatoka vizuri, likaanza kuchoka, likasimama katikati ya njia kama punda aliyekataa mzigo.

Yeye akavaa chombo mgongoni. Wakulima mliotoka Kasulu mngekijua mara moja, ni ndugu wa bomba la kupulizia dawa, ila mwisho wa mpira wake kuna kichwa chenye matundu madogo madogo. Ndani maji ya moto kiasi. Akaanza kutembea kinyumenyume kwenye ule ujia, mkono ukienda kulia na kushoto bila kusita, kama anayenyunyizia bustani. Kila tone lililoanguka liliganda pale pale, likawa kipele. Maji yanapashwa moto ili tone lishikane na barafu ya chini badala ya kukaa juu yake kama chembe ya chumvi. Alipofika mwisho, kioo changu kilikuwa kimeharibika kabisa. Ukipitisha kiganja, unahisi ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Kisha akapitisha kisu kipana kukata ncha za vile vipele ili virefu na vifupi vilingane, akapangusa vumbi lake lote.

"Sukuma sasa." Nikasukuma nusu ya nguvu za mwanzo. Jiwe likapita nyumba yote, likagonga ukuta wa mwisho. Mzee akanitazama tu.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye utamu wote. Jiwe la kalingi lina uzito wa kilo 17 hadi karibu 20. Chukua ndoo ya lita ishirini iliyojaa maji, ndiyo hiyo. Lakini jiwe halikai chini kama tofali. Tumbo lake limechimbwa kidogo, kama kitako cha kikombe, na linagusa kwa ukanda mwembamba tu wa mviringo. Kipenyo cha ukanda huo ni sentimita 13 hivi, upana wake ni milimita chache. Nao ukanda haugusi barafu yote, unagusa ncha za vipele vilivyo chini yake kwa wakati huo. Mzigo wa ndoo nzima umekaa juu ya ncha. Mgandamizo na msuguano vinafanya ncha ziwe telezi, na mahali pa kushikana ni padogo mno. Kwenye barafu bapa, ukanda wote unagusa na unashikwa.

Nilipiga hesabu kwa saa ya mkononi. Kutoka mstari wa mpaka wa upande wa kusukumia, maana kila upande una wake, hadi kitovu cha nyumba ya mbele ni mita 28 na kidogo. Kwenye barafu nzuri jiwe linatumia sekunde 25 kufika hapo na kusimama. Wanafunzi wa fizikia mtaitafuta wenyewe kesho, lakini jibu ni kwamba kinachokokota jiwe nyuma ni kama mzigo wa gramu 200. Jiwe la kilo 19, linazuiwa na uzito wa kitunguu. Ndiyo maana kule kitu kidogo kinaweza kufanya jambo kubwa: kitunguu kikiongezeka nusu, jiwe halifiki.

Maji nayo si maji tu. Ziwa letu lina madini mengi, mnaona ukoko mweupe kwenye birika. Maji ya namna hiyo yakiganda hutoa barafu dhaifu yenye kipele kinachosagika upesi, kwa hiyo wao huchuja madini kwanza. Uso wa barafu huwekwa kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri. Ikipoa mno inakuwa kavu na kali kwa jiwe, ikipata joto kipele kinalala. Na hewa ya ukumbini lazima iwe kavu, kwa sababu pumzi za watu ni mvuke, na mvuke ukitua kwenye barafu unakuwa ukungu mweupe uliogandia, kama ule wa kwenye friza yako mama usiyoisafisha. Watazamaji wakijaa, barafu inabadilika. Watu wanadhani mashabiki wanasaidia timu kwa kelele. Mimi niliyeshinda nikitazama kipimajoto, niliwaombea wapumue kidogo.

Nikiri kwamba jambo linalonikosesha usingizi hadi leo si mwendo wa jiwe, ni kupinda kwake. Mwalimu, nipe hiyo bilauri. Tazameni. Naigeuza kinywa chini juu ya meza, naisukuma mbele huku nikiizungusha kulia, jinsi mshale wa saa unavyokwenda. Imekwenda wapi? Kushoto. Rudia. Kushoto tena. Sababu yake ni rahisi: kitu kinachosukumwa na kusuguliwa chini kinainamia mbele, kwa hiyo ukingo wa mbele unasuguana zaidi. Ukingo huo unajaribu kwenda kulia, meza inaukatalia, inaurudisha kushoto.

Sasa jiwe la kalingi nalo ni bilauri iliyogeuzwa, si ndiyo? Lizungushe kulia. Linakwenda kulia.

Kinyume kabisa! Na linakwenda mbali, mita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye mstari wake, kwa mzunguko wa polepole, mara mbili, tatu au nne tu safari nzima. Tena ukilizungusha kwa kasi zaidi halipindi zaidi. Likizungushwa sana ndiyo linanyooka. Na kupinda kwenyewe kunakuja mwishoni, jiwe likishachoka. Mchezaji anayeliachia analiona limenyooka kama reli ya kwenda Uvinza, anaanza kukata tamaa, ndipo linapoanza kukata kona.

Wanasayansi wamebishana juu ya hili miaka na miaka, watu wenye shahada zao. Wapo Wakanada waliosema ukingo wa mbele unayeyusha barafu kidogo na kupunguza msuguano wake, kwa hiyo wa nyuma ndio unaotawala. Mwaka 2013 watu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wakaja na jambo lingine: ukanda wa jiwe una ukwaruzo, na ukingo wa mbele unapopita unachora mikwaruzo midogo kwenye vipele, imeinama kidogo kwa sababu jiwe linazunguka. Ukingo wa nyuma unapofika unakuta ile mikwaruzo na kuifuata, kama gurudumu la baiskeli lililoingia kwenye mfereji wa njia. Wakaikwaruza barafu wenyewe kwa mkono, jiwe likafuata mikwaruzo yao. Wengine wamesema jiwe linanasa kwenye kipele, linajizungusha hapo kidogo, linateleza, linanasa tena. Ubishi haujafungwa. Mimi fundi, si profesa, lakini moyo wangu uko na Waswidi, kwa sababu moja ya kiwandani: jiwe likizeeka ukanda wake ukawa laini, linaacha kupinda. Mnapitisha msasa chini yake, linapinda tena. Niliufanya mwenyewe msasa huo, magoti yakaniuma siku tatu.

Kijana, sasa swali lako. Hawafagii taka, ingawa taka nayo wanaitoa. Ufagio wao ni kama brashi yenye kitambaa. Wanakandamiza na kusugua ili uso wa vipele upate joto kidogo na kulainika kabla jiwe halijafika. Kile kitunguu kinapungua. Jiwe linakwenda mita tatu au nne zaidi kuliko lingekwenda, na linachelewa kupinda. Nahodha amesimama ndani ya nyumba anapiga kelele: fagia, acha, fagia! Anachoamua si nguvu tu, ni kona pia. Mwaka 2015 zilitokea fagio za kitambaa kikali kiasi kwamba wafagiaji wazuri walikuwa wanaliendesha jiwe kama gari; ukawa ugomvi mkubwa, na mwaka 2016 shirikisho la dunia likaweka sheria ya vitambaa. Mtu akiweza kuligeuza jiwe njiani atakavyo, aliyelisukuma ana kazi gani?

Ila barafu haikai ilivyo, na hapa wavuvi mtanielewa kuliko walimu. Mnajua ziwa la saa kumi alfajiri si ziwa la saa nne. Mwanzo wa mchezo vipele ni vipya. Baada ya raundi chache, pale katikati ambapo mawe mengi yamepita vimesagika vikalala, njia imekuwa ya kasi, huku pembeni ambako hakuna aliyepita kuna ukungu na jiwe linazama. Jiwe lile lile, mkono ule ule, likipita nusu mita kulia linasimama mapema. Mwisho wa mchezo vipele vinakuwa vimekwisha, jiwe linapoteza kona. Wachezaji wazuri wanapima muda kila mara, na lugha yao inachanganya wageni: wanasema barafu ya sekunde 25 ni ya kasi kuliko ya sekunde 22. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea hesabu. Kumbe kwenye barafu nzuri unalisukuma jiwe taratibu, halichoki upesi, linatembea polepole mpaka linafika. Kwenye barafu nzito lazima ulipe nguvu mwanzoni, linakimbia, linakwama.

Sasa niwape aibu yangu. Ilikuwa fainali ya klabu, si kubwa, ya wenyeji tu. Nilikuwa nimechelewa. Nikanyunyiza, nikakata ncha, nikapangusa mara moja badala ya mbili. Nilikuwa nimevaa glavu za sufu alizoniletea mama mwenye nyumba. Jiwe la mwisho, nahodha wa timu iliyokuwa nyuma akaliachia, na mimi niliyekuwa nimeshaanza kuelewa mchezo nikajua: hili linafika. Lilikuwa linakuja vizuri, limeanza kona yake, na mita tano kabla ya nyumba likashtuka. Kama mtu aliyejikwaa. Likaacha mstari, likasimama nje ya duara. Ukumbi ukanyamaza. Nahodha akatembea mpaka pale liliposhtuka, akainama, akaokota kitu. Uzi wa sufu, mfupi kuliko kucha. Rangi ya bluu. Glavu zangu zilikuwa za bluu. Akanitazama, akautia mfukoni, akaenda kuwapa mkono washindi. Hakunisema siku ile, wala hakunisema kamwe, na ningefurahi kama angenitukana.

Turudi kwenye mawe, maana bado hayajagongana, na watoto wa Ujiji hamwezi kusikiliza habari ya mawe yasiyogongana. Hapa ninyi ni maprofesa, mmecheza gololi. Ukiipiga gololi katikati kabisa, yako inasimama na ya mwenzako inaondoka na mwendo wako wote. Mawe ya kalingi hivyo hivyo, kwa sababu yana uzito unaokaribiana, na graniti yake ni ngumu, hailambi mwendo. Mengi yanachimbwa Ailsa Craig, kisiwa cha volkano iliyokufa karibu na pwani ya Scotland, mengine Wales. Kwenye kiuno cha jiwe kuna mkanda uliotuna, ndio unaogongana. Jiwe lililogongwa halifuati ulikotaka wewe, linafuata mstari unaopita kwenye vitovu vya mawe yote mawili pale yalipogusana. Ukilifunika nusu, linaondoka kwa pembe ya nyuzi 30 upande mmoja, na lako linakwenda upande mwingine kwa nyuzi 60 hivi. Wacheza pool wa Mwanga wanalijua hilo bila daftari.

Tofauti ni kwamba pool meza haibadiliki. Jiwe lina kipenyo cha sentimita 29. Tuseme unataka kulipiga la mwenzako katikati, na barafu ikakupindisha sentimita 3 zaidi ya ulivyotarajia, upana wa vidole viwili. Pembe inapotea kwa nyuzi 6. Likisafiri mita 3 baada ya kugongwa, limekosa kwa sentimita 30 na ushee, yaani jiwe zima. Mkono haukukosea, macho hayakukosea, ni kipele kilicholala raundi mbili nyuma. Na lile lililogongwa linaanza safari yake karibu bila mzunguko, kwa hiyo halina kona ya kutegemewa. Lako lililobaki na mzunguko linaendelea kupinda. Nahodha anapanga yote hayo kabla jiwe halijatoka mkononi.

Lakini ufundi ninaoupenda si kugonga, ni kuegemeza. Unaleta jiwe lako taratibu, taratibu, linakuja kulala mbele ya la adui, yamegusana, hayakusukumana. Sasa na alipige! Akilipiga lako, mwendo unapita ndani yake kama habari inayopita mdomo kwa mdomo, na linaloondoka ni lake la nyuma. Lako linabaki. Amejifukuza mwenyewe. Kulileta jiwe la kilo 19 kutoka umbali wa mita 28 likaguse bila kusukuma, juu ya kitunguu kinachobadilika kila raundi, jamani.

Haya, muda umekwisha, na naona maji yanatiririka kuelekea viatu vya mheshimiwa. Vijana wawili, vuteni meza. Chini ya gunia kuna vipande viwili. Kimoja nimekiacha laini kama kilivyotoka kwenye ndoo. Kingine jana usiku nilikitoa kwenye friza nikakirushia matone kwa bati nililolitoboa kwa msumari, nikakirudisha. Si barafu ya Saskatchewan, na hapa kwa joto hili hakuna kitakachopinda, lakini bilauri hii tutaisukuma kwa nguvu ile ile juu ya kila kimoja, na rula ya mwalimu iko hapa. Kamari ni haramu, kwa hiyo sikusanyi hela ya mtu. Anayesema laini, anyooshe mkono. Anayesema vipele? Wewe kidato cha tatu, wewe uliyeuliza, njoo mbele usukume. Upesi, mwanangu, kabla havijaisha.